Mwanangu, zile dakika za mwanzo

Binti yangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza niko sokoni Ngamiani, makelele yakaumeza; mara ya pili hapa barazani, miguu juu. Nimekuelewa. Mtani wangu, huyo mwanao, ametimiza miaka mitano, ameona picha ya samaki wa rangi ya chungwa kwenye begi la mwenzake shuleni, sasa hakupi nafasi ya kupumua mpaka aione filamu yenyewe, Finding Nemo. Nawe unauliza umwonyeshe yote au umrukie mwanzo "kama baba alivyofanya". Hapo ukacheka. Nikacheka na mimi, kisha nikaacha. Ningekupigia, lakini kwenye simu utanikatiza, na hili nataka nilimalize.

Kibanda chetu cha video unakikumbuka kwa harufu, ulishaniambia: petroli ya jenereta na ubuyu. Mabenchi manane, madirisha yamezibwa kwa magunia, runinga moja ya inchi 21, na deki mbili ili moja ikichemka nyingine ishike zamu. Watu waliviita vibanda umiza, na mgongo wa aliyekaa pale saa tatu ulijua kwa nini. Mchana ngumi za Wachina, jioni Wahindi, Ijumaa usiku zile kanda alizotafsiri Lufufu, ambaye akikutafsiria filamu ya Kimarekani unatoka umeielewa kuliko aliyeitunga, maana nusu ya maneno alitia yake. Kiingilio shilingi 100, mtoto 50. Nakala zote zilikuwa za wizi, sijitakasi.

Sharti langu lilikuwa moja tu. Watoto siwaonyeshi kitu ambacho mimi mwenyewe sijakitazama.

Basi mwaka 2004 jamaa aliyekuwa akituletea mzigo kutoka Kariakoo akaniletea sidii ya Finding Nemo. Nikasema hii ya samaki wadogo haina neno, lakini sharti ni sharti. Wewe umelala chumbani, nimepunguza sauti. Samaki wawili, Marlin na mkewe Coral, wanaonyeshana nyumba mpya mwambani. Wana mayai zaidi ya mia nne. Wanachagua majina. Mara anatokea mzia. Sihitaji kukueleza mzia, umeshawaona pale soko la samaki la Deep Sea wakishushwa na meno yao. Marlin anazinduka, giza, anamwita mkewe, hajibiwi. Chini limebaki yai moja, lina ufa. Analikumbatia kwa mapezi anasema hatakubali lipatwe na chochote, kamwe.

Nilizima. Nikatoka nikakaa kwenye kizingiti mpaka mbu wakanirudisha ndani. Marehemu mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa na miaka mitatu tu kaburini, na wewe ulikuwa na saba.

Kesho yake watoto walijaa, wengine wamekaa sakafuni. Nikachukua rimoti nikapeleka mbele hadi pale Nemo anapomwamsha baba yake, leo siku ya kwanza ya shule. Hakuna aliyejua. Ulikaa benchi la mbele na kikoi changu mabegani. Filamu haijafika mbali ukageuka ukauliza kwa sauti, mbele ya watoto wa watu, "Baba, mama yake Nemo yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko sokoni."

Ukaridhika. Baadaye kidogo Nemo amekamatwa na mpiga mbizi, ukauliza tena, "Hajarudi tu?" Nikasema foleni. Tangu lini sokoni kukawa na foleni! Mwisho wa filamu, baba na mwana wamekutana, kibanda kizima kinapiga makofi, wewe peke yako umenuna. Ulisema mama yule ni mzembe.

Tangu siku ile nikashikwa na ugonjwa ambao haujaniacha. Kila filamu ya familia nikiitazama namtafuta mzazi kwanza. Yuko wapi, kafanywa nini, kaachiwa kazi gani. Ukitazama hivyo utagundua hawa watunzi wana haraka ya kutuondoa. Mzazi akiwepo hakuna safari. Angemwambia mtoto rudi ndani ukale, filamu ikaishia hapo.

Chukua The Lion King ya mwaka 1994. Tuliipenda kwa majina yake, nusu yametoka kinywani mwetu: Simba, Rafiki, Sarabi, na yule fisi Shenzi aliyewaua watoto kwa kicheko kila akiitwa. Ile sikuruka kitu, maana Mufasa anauawa katikati, na katikati hujifichi. Ulimwona yule mwana simba akijisogeza chini ya mkono wa baba yake aliyekwisha kufa. Hukulia, uliomba maji. Lakini kinachonikera mimi kinakuja baadaye. Mtoto kafiwa, anadhani yeye ndiye aliyeua, halafu anapokewa na nguruwe na nguchiro wanaomwambia hakuna matata, wanakula wadudu, miaka inapita kwa wimbo mmoja. Sisi wa pwani tunajua hilo neno la "hakuna matata" tunamsemea mtalii. Mtu aliyefiwa humwambii hivyo. Unakaa naye.

Home Alone ni hadithi nyingine. Kila Desemba niliiweka na kila Desemba mabenchi yalivunjika kwa vicheko, wale wezi wawili wakichomwa, wakiteleza, wakipigwa na makopo ya rangi. Mimi nilikuwa nikimsubiri mama. Kamsahau mtoto nyumbani, kakumbuka ndegeni, na tangu hapo hana kazi nyingine ila kurudi. Pale uwanja wa ndege Paris anambembeleza bibi mmoja mzee amwachie nafasi. Anampa pesa, saa, hereni, chochote kilichomo mwilini. Halafu anamaliza safari nyuma ya gari la wapiga muziki asiowajua. Ile ndiyo filamu, wezi ni kachumbari. Nikijaribu kuwaeleza vijana hivyo waliniona mzee, nami nilikuwa sijafika arobaini.

Tamthilia nazo zilinitia hasara. Ile The Promise ya Wafilipino ilipokuwa inaonyeshwa, saa yake ikifika kibanda kinabaki na mimi na mbu. Mtaa mzima uko kwa jirani mwenye runinga ya antena, waya wake juu ya mwembe, Yna na Angelo, watoto wanaoitwa majina hayo mpaka leo. Nikaenda na mimi, kiti changu mkononi. Nitasema ukweli: niliipenda na niliichoka. Yna hamjui mama yake mzazi, mama yake ni Amor, Amor kaondoka mtumishi karudi tajiri, anataka kulipiza kisasi kwa akina Buenavista aliowatumikia, na mtu mmoja tu akifungua mdomo mambo yote yanakwisha. Hafungui. Jumatatu hafungui, Alhamisi anataka kufungua, mlango unabishwa. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimekasirika, nawalaani wakubwa wale kwa kufichaficha, kisha nakukuta umelala na kwenye kabati kuna sidii ya Nemo. Nikawa mpole.

Na ya Kihindi iliyonimaliza ni Kabhi Khushi Kabhie Gham ya 2001. Saa tatu na nusu, sidii tatu, na mgawo wa umeme haukosi. Unaikumbuka kwa nyimbo. Mimi naikumbuka kwa mlango. Shah Rukh Khan anawasili, mama yake, Jaya Bachchan, yuko ndani na sinia la ibada, hajaambiwa kitu, anasimama anageukia mlangoni. Kamjua mwanawe kwa moyo. Akina mama kibandani walipiga vigelegele kila wiki kama hawajawahi kuiona. Mimi hapo nilikuwa natoka nje kuitazama jenereta hata kama haina tatizo. Niliona wivu. Uliporudi kutoka shule na homa nilikuwa sijui mpaka nikushike shingo. Moyo wangu haukuniambia kitu, nilitumia mkono.

Baba wa filamu ile, Amitabh, kamfukuza mwanawe kwa kuoa binti asiye wa hadhi yao, mtoto wa kumlea huyo, anamwambia leo umethibitisha huna damu yangu. Anakaa na neno hilo miaka kumi. Mwishowe anaomba msamaha, tunalia sote. Lakini tazama nani aliyemfungua kinywa: mkewe, aliyefundishwa mume ni mungu, anamwambia mungu hakosei, wewe umekosa, basi u mume tu. Hiyo sentensi moja kwangu ni nzito kuliko helikopta na majumba yao yote. Nyumba ambayo hakuna wa kumwambia baba "umekosa", baba huyo hatajua.

Hapa nakuja kwenye jambo letu. Wewe ndiye uliyeniambia. Kidato cha pili, bwenini, walimu wakawawekea filamu Jumamosi. Barua yako ninayo mpaka leo, imekunjwa mara nne. Umeomba sabuni, umeomba kalamu, halafu chini kabisa, bila salamu: "Baba, mama yake Nemo aliliwa."

Sikukujibu. Nilileta sabuni.

Sikujua niseme nini kwa sababu nilidhani kosa langu ni kukuficha kifo, na kifo wewe ulikijua kuliko watoto wote mle kibandani. Imenichukua muda kuona kosa lilikuwa lingine. Nilipokata mwanzo nilimkata Marlin. Ukabaki na samaki anayemfuata mwanawe shuleni, anayesema usiende kwenye kina kirefu, pezi lako dogo, hutaweza, na hujui kaona nini mpaka akawa hivyo. Ulimchukia, ulikuwa ukimwita baba mwoga. Na miaka ile ile nilikukataza Raskazone wenzako wakienda kuogelea, nilikukataza baiskeli, nilisimama nje ya shule ya msingi na kofia yangu kama askari. Ulinuna. Nani alaumiwe? Mwanzo wako na wangu niliuruka pia. Mama yako nilikuwa simtaji. Yule samaki wa bluu asiye na kumbukumbu anamwambia Marlin, ukiahidi mtoto asipatwe na chochote, basi hatapatwa na chochote kabisa. Niliisikia labda mara ishirini na nilikuwa nadhani ni kichekesho.

(Bwana mmoja wa mambo ya bahari alinieleza kwamba samaki wa aina ile jike akifa, dume hugeuka jike. Kwa hiyo kwa haki Marlin angekuwa mama. Nilimwambia hilo nalifahamu, nimelipitia, nimesuka nywele.)

Zile mbili ulizonionyesha kwenye kompyuta yako mwaka juzi bado nazitafuna. Queen of Katwe nimeipenda kwa Lupita, mama asiyeuawa ili hadithi iende, anahangaika na kodi na watoto wanne huku binti yake akisonga mbele na sataranji. Na pale mwisho waigizaji wanaposimama ubavuni mwa watu wenyewe walioigizwa. Supa Modo ya Wakenya ndiyo iliyonikalia. Haifiki hata saa moja na nusu. Mtoto Jo anakufa na anajua, mama yake kamrudisha nyumbani na anataka alale tu, atulie; dada mtu anakishawishi kijiji kizima kimfanye shujaa wa sinema. Wewe ulikuwa upande wa dada, nilikuona. Mimi nilikuwa na mama, mpaka nusu. Kisha nikaona yule mtoto hakudanganywa kamwe, wakubwa ndio waliokuwa wanajidanganya, na nikaomba maji kama wewe ulivyoomba siku ile ya Simba.

Kwa hiyo mwonyeshe yote. Kaa naye kwenye kochi moja, usiwe jikoni. Akitaka kusimamisha, simamisha. Akiuliza mama yake Nemo yuko wapi, usimpeleke sokoni.

Kama mtakuja Desemba basi subirini, nitaiweka mimi. Sidii ninayo bado. Imekwaruzika, inakwama pale kwenye wale papa wanaokula kiapo kwamba samaki ni rafiki. Ukiitoa ukaipangusa na kanga iliyofuliwa sana inaendelea. Mwanzo wake hauna tatizo. Deki ndiyo inanipa wasiwasi, mlango unafunguka lakini haurudi, njoo na ya kwako.

Baba yako