Kinyago Kimeondoka, Ahadi Imebaki

Wanangu wa kamati ya jengo la sanaa na ukumbi wa maonyesho wa chuo,

Marahaba. Najua tungekutana mngenisalimu kwanza, basi nimeitikia mapema ili tuingie kwenye maneno.

Nilikuwepo kwenye harambee yenu ya Juni. Nilikaa nyuma kabisa, chini ya mwembe, maana turubai lenye feni lilikuwa la waalikwa. Kadi ilisema saa nne asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa nane kasoro robo. Wakati huo wote wazee wa sindimba mliowatoa Newala walikuwa wakikanza ngoma zao. Ngozi haijui itifaki. Ikipoa inalegea, na mpigaji hana budi kuirudisha motoni. Walikanza mara tatu, na mara ya tatu makuti yalikwisha, wakachoma maboksi yaliyoletea fulana zenu za "Mtwara Kuchele". Walipopewa uwanja, hazikupita dakika sita MC akawakatisha kwa kuwa muda umekwenda. Nani aliula muda huo? Jioni niliwakuta stendi, kila mmoja na soda yake na bahasha ambayo nauli ilikuwa inaimaliza.

Hilo ningelimeza. Kinyago ndicho kilichonikosesha usingizi.

Mchongaji mmoja alitoa kinyago cha ujamaa, watu wamebebana mabegani kutoka chini hadi juu katika gogo moja la mpingo. Anayejua ugumu wa mpingo anajua hiyo ni miezi ya mtu. Mkakinadi. Bwana mmoja wa meza kuu akataja milioni mbili, vigelegele vikapigwa, kinyago kikapakiwa kwenye gari lake. Kwa ahadi! Miezi mitano sasa tangu siku ile, kinyago kiko sebuleni kwa mtu, na kwenye daftari lenu kuna mstari wa kalamu. Huku kusini biashara ya jirani na hiyo tunaijua kwa jina. Mlanguzi akimvizia mkulima mwenye njaa, akanunua korosho zake mapema kwa bei ya kutupa, tunasema kangomba, na kila msimu viongozi huikemea. Lakini mtu wa kangomba hulipa, japo kiduchu. Ninyi mmechukua bure.

Nawafokea kwa sababu jengo hilo nalitamani kuliko hata ninyi. Nimefundisha shule za msingi miaka mingi, na nimeona watoto wenye mikono ya ajabu wakiishia kubeba magunia ghalani. Mtoto wa Tandahimba akitaka kusomea sanaa, tunamfungia begi aende Bagamoyo au Dar es Salaam. George Lilanga, mchongaji na mchoraji wetu, alizaliwa upande wa Masasi mwaka 1934, akafariki Dar es Salaam mwaka 2005, kazi zake zikiwa zimefika Ulaya na Marekani. Kijana wa hapa akitaka kuziona afungue simu. Inauma, wanangu.

Sasa sikilizeni. Juni mkulima anawaza kupulizia mikorosho, mfukoni hana kitu. Minada ya korosho huanza Oktoba. Malipo yakishaingia, nendeni kwenye mikutano ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, mkaombe kwa mdomo wenu. Msipitie mlango wa uani mkaomba makato kwenye kilo. Mkulima amechoka kukatwa kwa ajili ya vitu ambavyo havioni.

Kila mchango uwe na risiti, hata wa shilingi mia tano. Akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja asiwe mtu wa chuo. Hesabu zibandikwe ukutani, zisiishie kwenye kundi la WhatsApp. Fulana acheni. Na ahadi msiisome kwenye kipaza sauti pamoja na fedha taslimu mkajumlisha. Ahadi iandikwe peke yake, na tarehe ya kulipa mbele yake.

Nimeuona mchoro pia. Jukwaa lake ni sanduku lenye pazia, viti vyote vinatazama upande mmoja. Kwa tamthilia sawa. Lakini lipiko, yule mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kinyago, halitokei nyuma ya pazia. Linakuja kutoka mbali, watoto wanakimbia na kurudi, na aliyemo ndani hapaswi kuonekana akijifunika. Linahitaji uwanja wa mchanga, watu wakizunguka, na kificho cha kuvalia. Mlimuuliza nani kabla ya kuchora? Pale uwanjani siku ile walikuwepo wazee wanane wa kuwaambia bure, nanyi mkawapa soda. Msisahau pia moto: ukumbi wa chuo cha sanaa Bagamoyo uliungua mwaka 2002, na kujenga mara ya pili ni kuomba mara ya pili.

Sisi wazazi nasi hatuna uso. Kadi ya harusi ikiletwa, mtu anakopa ili asionekane mnyonge, na kamati inakutana kila Jumapili kumfuatilia asiyelipa. Kwa harusi tunajua kudai. Kumbe ufundi tunao! Mtumieni yuleyule mweka hazina wa harusi, yule mama asiyeona haya kupiga simu saa kumi na mbili asubuhi, mumkabidhi daftari la ahadi.

Kazi yake ya kwanza iwe yule bwana wa meza kuu. Alipe au kinyago kirudi, na kikirudi mkampelekee mchongaji nyumbani kwake, mkiwa mmevaa heshima. Baadaye mpande Newala mkawaone wale wazee. Nendeni na sukari na majani ya chai, kaeni mkekani, wawaonyeshe kwa kijiti mchangani uwanja wa lipiko unavyokaa.

Mimi nimempa mjukuu wangu laki moja ailete ofisini kwenu Jumatatu. Nimemwambia asirudi bila risiti.