Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Chuo, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na wahitimu wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi. Tena umefika kwa wakati, jambo ambalo wageni wetu hawajatuzoesha.

Klabu ilianzishwa na wanafunzi wachache wa maabara waliotaka kujua vimelea vya magonjwa vinatoka wapi. Mafanikio ni makubwa. Tumetembelea maabara ya utafiti pale hospitali ya KCMC, tumeshona fulana, na tumeshika nafasi ya pili kwenye maonesho ya chuo, ambako klabu shiriki zilikuwa mbili. Aidha, chini ya usimamizi wa wakufunzi, tumekusanya bakteria kutoka mto Karanga na mto Rau.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo kwenye bakteria ndipo penye kilio chetu.

Asili ya kimelea hutafutwa kwa kusoma jenomu, yaani kusoma herufi zote za vinasaba vyake. Cha kipindupindu kina herufi kama milioni 4. Kinapozaliana, makosa madogo ya kunakili hubaki, na vimelea vinavyofanana makosa ni ndugu wa karibu. Ndivyo kipindupindu kilicholipuka Haiti Oktoba 2010 kilivyofuatiliwa hadi Nepal: mwaka 2011 vimelea vya nchi hizo mbili vililinganishwa, vikakutwa karibu sawa herufi kwa herufi. Utafiti wa 2017 nao ulisoma vimelea zaidi ya 1,000, vingi vya Afrika, vya miaka karibu 50, ukaonesha kwamba ugonjwa huu umeingia barani kwetu kutoka Asia angalau mara 11 tangu 1970.

Sifa zote hupewa mashine ya kusoma jenomu. Lakini kuna mtu alivitunza vimelea vile miaka na miaka visiharibike, la sivyo mashine isingekuwa na cha kusoma.

Vyetu tunavitunza kwenye friji la nyumbani, mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Wikiendi moja umeme ulikatika; Jumatatu tukakuta vichupa vinaelea, wino wa lebo umefutika. Hadi leo hatujui kipi cha Karanga, kipi cha Rau. Na sisi ndio watafuta asili.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi friza la nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Tulipiga makofi, tukapaka chumba rangi, fundi akaweka soketi yake. Wa mwaka jana akaahidi kufuatilia ahadi ya mwenzake. Makofi tukapiga tena. Ahadi ni deni, ila hili hatujui tumdai nani.

Kwa heshima na taadhima, tunaomba friza hilo, stabilaiza na jenereta. Mashine ya kusoma jenomu hatuombi. Wenye nazo wapo, tutawapelekea sampuli. Kama bajeti hairuhusu, tunaomba utuambie leo hapahapa, tukirudishe chumba kwa mlinzi, maana anakiulizia kila siku. Ukikubali, katibu wetu ana karatasi yenye vipimo vya mlango, na ataomba namba yako ya simu kabla hujapanda gari.

Naomba kuwasilisha.