Barua ya wazi kwa wajukuu zangu mlio kwenye ujana

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nyote mlio kati ya miaka 13 na 19, wa kike kwa wa kiume, ninaowajua na ambao sitawahi kuonana nao.

Usiku mmoja hivi karibuni niliamka saa saba kwenda kunywa maji, nikamkuta mjukuu wangu ameketi sakafuni, mgongo kauegemeza ukutani, simu mkononi, uso unamulikwa na kioo chake. Ukucha wa kidole gumba alikuwa ameutafuna hadi nyama ikawa nyekundu. Nilipomuuliza akasema, "Si kitu, Bibi." Kumbe kijana aliyekuwa naye kimapenzi alitaka kila ujumbe ujibiwe papo hapo, hata usiku wa manane, na akichelewa anaambiwa hampendi. Asubuhi ile alikuwa na mtihani.

Sisi wakubwa huwa tunayagawa mambo yenu: usingizi huku, masomo kule, mapenzi hayatajwi kabisa. Mwilini mwa yule mtoto yote yalikuwa yamekutana.

Msongo wa mawazo si udhaifu, wala si upungufu wa imani. Ubongo ukihisi hatari, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuuweka mwili tayari: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, tumbo linavurugika. Kwa mtihani wa saa mbili hali hiyo hata ina faida, inakuchangamsha. Ubaya ni pale hatari isipoisha, kama kwa yule mtoto ambaye simu ilimtisha mchana kutwa na usiku kucha. Hapo ndipo kichwa kinauma bila homa, hamu ya kula inapotea au inazidi, hasira inakuwa karibu, na ulichosoma jana hukikumbuki.

Umri wenu unahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Najua usingizi hauji mapema, na mkichelewa kuamka mnaitwa wavivu. Tunawaonea. Mtu akibalehe, homoni ya usingizi, melatonini, huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko alipokuwa mdogo, na mwanga wa simu huichelewesha zaidi. Kwa hiyo simu ilale chumba kingine. Ni neno gumu, nalijua, ila sina la kulipunguza.

Sasa mapenzi. Anayekupenda hakudai neno la siri la simu yako. Hakuchagulii marafiki. Hakutishi kwamba atajidhuru ukimwacha. Hang'ang'anii picha ya mwili wako, na ukisema hapana haanzi kuhesabu mema aliyokutendea. Wavulana, haya yanawahusu pia, mnaodaiwa na mnaodai. Wivu huo mnaouita mapenzi, nami niliuita hivyo nikiwa na miaka 17, nikawatupa marafiki wawili kwa ajili ya mtu aliyetaka niwe wake peke yake. Aliponiacha sikuwa na wa kumlilia. Mmoja wa wale marafiki nilikuja kumwomba radhi sote tukiwa tayari tuna wajukuu.

Mjukuu wangu sikumhubiria usiku ule. Kesho yake jioni nilimwomba anisindikize kutembea. Mwanzo alinyamaza. Tulikwenda bega kwa bega, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na tulipofika kwenye mwinuko, pumzi zimepanda, akaanza kusema mwenyewe, na hakunyamaza hadi tuliporudi nyumbani. Tangu siku hiyo siamini kwamba mazoezi ni ya wanamichezo tu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumikisha mwili hadi pumzi zipande, na angalau siku 3 kwa wiki waimarishe misuli na mifupa: kuruka kamba, kukimbia, kupiga pushapu. Dakika hizo 60 si lazima ziwe mfululizo. Kucheza muziki chumbani ukiwa umefunga mlango nako kunahesabika. Lakini kushinda na njaa ili ufanane na picha ya mtu, au kumeza vidonge vya kutunisha misuli, huko ni kuutesa mwili, na mwili wenu bado unakua.

Kuna jambo lisilosubiri matembezi ya jioni. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru au ya kutaka kufa, mwambie mtu mzima leo hii: mzazi, shangazi, mwalimu, muuguzi. Wa kwanza akikupuuza, nenda kwa wa pili, na kwa wa tatu. Na kama ni rafiki yako anayewaza hivyo, naye amekuapisha usimwambie mtu, kivunje kiapo hicho siku hiyohiyo. Atakununia. Acha akununie, yu hai.

Wenu,
Bibi