Parachichi kwa kilo, viazi kwa lumbesa

Mhariri,

Shambani kwangu Uwemba, mkoani Njombe, nina miparachichi 40 na ekari moja na nusu ya viazi mviringo. Mnunuzi wa parachichi huja na mizani na kreti zake, na kabla hajapima ananihoji nimepulizia dawa gani na lini, maana tunda linakwenda Ulaya na huko wana masharti yao. Mnunuzi wa viazi huja na magunia, kamba na kijana mmoja mwenye magoti magumu. Viazi vinakwenda Dar es Salaam kukaangwa chipsi. Vya kuliwa na ndugu zangu ndivyo ninavyopunjwa.

Wa mjini huenda hamjaona lumbesa inavyofungwa. Gunia likijaa, kijana analipiga goti huku na huku, analitikisa, viazi vinashuka, anaongeza. Likifika mdomoni hashoni. Anapanga viazi kimoja kimoja kuzunguka mdomo, anasuka kamba, anapanga tena, mpaka gunia linavaa kilemba.

Mwezi Mei niliazima mizani ya jirani anayechinja nguruwe, tukaitundika mtini. Gunia likasoma kilo 142. Tulikuwa tumepatana shilingi 60,000 kwa gunia. Lingekuwa la kilo 100, kilo ingenipa 600; kwa kilemba kile nimepata 422. Dalali wala hakukasirika. Alicheka tu: "Mama, usipojaza wewe, mwenzio anajaza." Kweli, mwenzangu alijaza, nami nikajaza. Kiazi kilichokwisha kuchimbwa hakingoji mkutano wa kijiji.

Sheria ya vipimo ipo, Wakala wa Vipimo wametutangazia mara nyingi kwamba gunia lisizidi kilo 100, na magari hukamatwa. Lakini nauli ya lori ni kwa gunia. Mpakiaji analipwa kwa gunia. Ushuru getini, kwa gunia. Sasa mfanyabiashara gani atafunga magunia matatu wakati mawili yanambebea mzigo uleule? Simtetei, lakini hesabu yake naielewa. Halmashauri nayo inajipunja: lori la lumbesa 100 kama ile yangu limebeba mzigo wa magunia 142, na ushuru wa 42 umepita bure.

Ombi langu kwa wahusika ni kwamba ushuru na nauli vitozwe kwa kilo, na mizani iwekwe kijijini, pale tunapokusanyia mazao. Kulikamata gari barabarani hakunirudishii kitu. Mimi nimeshalipwa na gunia limeshaondoka.

Bwana shamba hutuhimiza tubadilishe mazao: ukitoa viazi weka ngano au maharage, udongo upumue, maana ugonjwa wa mnyauko hubaki ardhini. Ana haki. Ila zile kilo 42 za kila gunia ndizo zingeninunulia mbegu safi na kuniwezesha kulipumzisha shamba. Msimu huu nimerudia viazi palepale, kwa mbegu ya vile vidogo vilivyobaki sakafuni, na matuta mawili yameanza kulala jua likiwa kali.

Nikivuna nitaiazima tena mizani. Jirani ameshaniambia safari hii niirudishe imeoshwa.

Mkulima wa viazi,
Uwemba, Njombe