Barua ya wazi kwa vijana wa biashara wa Newala, Tandahimba na Masasi

Wanangu,

Salfa, dawa ya ukungu, imeshapulizwa, mikorosho imechanua, na najua wengine wenu mmeanza kuzunguka vijijini na hela mfukoni. Tuzungumze kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Mimi si katika wanaomwona kila mfanyabiashara ni mnyonyaji. Mwaka 2018 bei za mnada zilianza chini, wakulima wakagoma kuuza, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuleta malori ya jeshi. Bei ilipendeza masikioni, lakini wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Kumtafuta mnunuzi India au Vietnam ni kazi ya mfanyabiashara, tena mwenye uzoefu.

Ila kangomba, kununua korosho kwa mkulima nje ya mnada, tena kwa kibakuli, sitaitetea. Agosti mtoto wa mtu anaumwa, mama hana hata nauli ya kufika hospitali ya wilaya. Unamkuta nyumbani kwake, unampa hela, naye anakuuzia korosho ambazo bado ni maua mtini. Oktoba unarudi na kibakuli. Mzani umeuacha kwako. Faida yako hapo ni ada ya shule ya jirani yako.

Na mbona kangomba haifi, licha ya kupigwa marufuku? Kwa sababu inatoa hela leo. Kwa stakabadhi ghalani, utaratibu wa kuuza kupitia ghala na mnada tulionao tangu msimu wa 2007/2008, magunia yanapita chama cha msingi cha ushirika, yanaingia ghala kuu, mnada unafanyika, makato yanakatwa, ndipo hela inafika benki. Bei imesaidika, sikatai, lakini mgonjwa hangoji mnada. Hapo ndipo penye biashara, vijana! Changeni mitaji yenu, msajili SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, mkulima ajiunge, mkopesheni kwa riba iliyoandikwa na kusomwa mbele yake, alipe korosho zikishauzwa. Mwingine akodishe mashine za kupulizia. Wateja wapo.

Halafu kuna kubangua. Korosho zetu nyingi bado zinasafirishwa na maganda yake, na ajira inakwenda nazo. Viwanda vilivyojengwa miaka ya 1970 vingi viliishia kuwa maghala, kwa hiyo msianze kwa kuota kiwanda. Nendeni mkakae na akina mama wanaobangua kwa mkono. Mafuta ya ganda yanaunguza vidole, na bado wanatoa punje nzima, maana iliyovunjika bei yake inashuka. Ufundi wanao. Wanachokosa ni glovu, mnunuzi wa uhakika, na korosho ghafi za kuwafikisha Juni, kwa kuwa mnada ukiisha zote zimeshaondoka. Nunueni mnadani kihalali, muweke akiba, muwalipe kwa kilo.

Najua mtasema hela ya kangomba inarudi haraka. Ni kweli, na polisi nao huja haraka.

Walio tayari kwa SACCOS waje nyumbani Jumamosi yoyote kabla ya mnada wa kwanza. Katiba ya chama chetu cha zamani ninayo, mtairekebisha. Njooni na daftari, na mmoja wenu awe anajua hesabu.

Babu yenu,
mkulima wa korosho, Newala