Kaka, rudi ukasome ukurasa wa mwisho wa Wallander

Kaka yangu shikamoo. Nimeona ulichoandika kwenye grupu la familia, kwamba umemaliza kitabu cha mwisho cha yule askari wa riwaya, Wallander, na kwamba mwandishi wake Mankell kakuharibia, eti umemfuata askari wako tangu kitabu cha kwanza cha 1991 halafu kwenye hiki cha 2009 anakuja kumpa ugonjwa wa kusahau, bora angempiga risasi. Nilitaka kukujibu palepale nikaona shangazi yumo na watoto wamo, basi naandika huku.

Bora risasi? Kaka, dalili zote zimo mle tangu mwanzo. Mtu mzoefu hivyo, polisi wote wa Ystad, mji wake kule Sweden, wanamtegemea, anasahau bastola ya kazi mgahawani na hakumbuki hata kwa nini alikwenda nayo. Huku anamtafuta yule mzee wa jeshi la majini, babu mwingine wa mjukuu wake Klara, aliyetoka kutembea asubuhi Stockholm asirudi, mambo ya nyambizi za miaka ya 80. Wewe ulisoma nyambizi, mimi nilisoma ile bastola.

Na kile cha kwanza si tulikisoma wote, baba yake Wallander, yule mchoraji wa kijiji cha Löderup anayechora mandhari ileile miaka nenda rudi, mara na ndege mara bila ndege, anakutwa usiku shambani na pajama, begi mkononi, anasema anaenda Italia. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, unajua kwa nini.

Usiku ule niko likizo nyumbani, baba yetu kavaa koti lake la bandarini, anasema meli imeingia wanamsubiri, kashafika getini. Ungemshika mkono tu ukamwambia meli imechelewa, tungemchemshia chai yangeisha. Wewe ukapiga kelele mpaka majirani wakatoka, "meli gani baba, umestaafu, umechanganyikiwa!", ukamnyang'anya begi ukalimwaga barazani mbele za watu, kofia, soksi, picha ya mama. Baba akainama kuokota mwenyewe. Ulimuuguza miaka yote kaka, ulimuogesha, ulimlisha, Mungu akulipe maana mimi siwezi kukulipa, ila lile la begi sijalisamehe na baba yuko kaburini.

Wallander naye alikuwa anagombana na baba yake kila wakikutana, mzee hakumsamehe kuingia upolisi. Lakini alimpeleka Roma. Walikwenda wawili, mzee akaiona Italia yake, waliporudi haikupita muda akafa. Mgonjwa wa hivi humsahihishi, unakwenda naye anakotaka kwenda.

Najua utasema ni rahisi kusema ukiwa huku Malmö, Sweden. Dawa nilikuwa natuma mimi, na yule dada wa kumwangalia nilimlipa mimi, alikuwa anamwelewa baba kuliko sisi wote, ukamfukuza eti baba si wa kushikwashikwa na mtu baki. Mzee wa Löderup aliletewa mama wa kumsaidia nyumbani mpaka wakaoana, na hakuna aliyeona aibu. Ningerudi nyumbani ningefanya nini, nikae bila kazi, dawa zitoke wapi? Watu wanasema nilikimbia, sikukimbia, mzigo wangu mimi ulikuwa upande ambao hamuuoni mkiwa Tanga.

Huyo mwandishi unayemlaumu alikuwa anaishi nusu Sweden nusu Maputo, anaongoza ukumbi wa maigizo kule, sio kwamba hajawahi kuona watu wanavyolea wazee. Rudi usome ukurasa wa mwisho taratibu. Hajamuua. Anasema giza litamuingia kidogokidogo, na miaka iliyobaki ni yake na binti yake Linda na Klara, sisi wengine hayatuhusu. Hapo alimstiri mtu wake. Ndo kitu nilichokuwa nakuomba mimi usiku ule, na ukaniambia niache ya vitabu.

Juni nakuja. Yule dada alinipigia, mshahara wa mwezi wake wa mwisho hujampa. Mlipe kabla sijafika.