Stima ikirudi na kaunta haiingii kwa programu, usikimbilie kununua kompyuta

Juzi tumepigiwa simu na mama mwenye duka la dawa huku Eastlands, stima ilipotea usiku, asubuhi ikarudi, kompyuta zote zikawaka vizuri lakini zile mbili za kaunta hazikuingia kwa programu ya mauzo hata kidogo. Alikuwa ashaanza kuulizia bei ya mashine mpya. Wateja wetu, tafadhali, hii kitu inarekebishika na haiitaji kununua chochote.

Ruta yako ndiyo inagawa anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao, kwa kila kitu kinachojiunga, na hizo anwani ni za kukopesha tu. Ikizima na kuwaka inaweza kugawa upya, kwa hiyo ile kompyuta ya Linux inayobeba data ya duka jana ilikuwa 192.168.1.105, leo ni 192.168.1.112, na kaunta bado zinaita 105. Ni kama mtu amehama ploti usiku na wageni wanabisha mlango wa zamani.

Dawa ni static IP, yaani anwani isiyobadilika. Na hapana, hii ya ndani hulipii kampuni ya intaneti, ya kulipia ni ile ya kukuwezesha kufikia mashine yako kutoka nje, kama unataka kuangalia kamera za duka ukiwa ushago.

Anza kwa ruta, angalia inagawa kutoka namba gani hadi gani. Wengi wanaharibia hapa, wanachukua namba iliyo ndani ya hiyo renji, halafu siku moja simu ya mteja inajiunga na waifai inapewa namba hiyohiyo na zinaanza kugombana. Ya huyo mama ilikuwa inagawa 100 hadi 200, sisi tukachukua 20.

Kama Linux yako ni ya desktop ingia tu kwa mipangilio ya mtandao, IPv4, uchague Manual, ujaze. Ubuntu ya seva, aina moja ya Linux, inatumia Netplan, programu ya kupanga mtandao kwa faili, na faili hiyo iko ndani ya /etc/netplan. Andika `ip a` kwanza ujue kadi yako ya mtandao inaitwaje, usikopi jina la kadi ya mtu mwingine:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses: [192.168.1.20/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.1.1
      nameservers:
        addresses: [1.1.1.1, 8.8.8.8]
```

Hizo nafasi za mwanzo wa mstari ni za spesi, ukigusa Tab hata mara moja faili yote inakataa. Ukiona maelezo yenye gateway4 (njia nyingine ya kuandika namba ya ruta) jua ni ya zamani, Ubuntu 22.04 itakulalamikia.

Ukimaliza usikimbilie `netplan apply`, tumia `sudo netplan try`. Inakupa sekunde 120 ubonyeze Enter, usipobonyeza inarudisha mipangilio ya zamani yenyewe, na hii imetuokoa sana tukifanya kazi ya mteja kwa mbali maana ukikosea namba moja umejifungia nje na itabidi upande matatu uende mpaka dukani.

Halafu zielekeze kaunta na printa kwa hiyo namba mpya, mara moja tu. Na ukihamia kampuni nyingine ya intaneti utaletewa ruta ingine ambayo labda inatumia 192.168.100.1, hapo static yako itakuwa haishikani na chochote, kwa hivyo sisi huandika IP, gateway na tarehe kwa karatasi na kuibandika ubavuni mwa mashine, fundi yeyote atakayekuja aione.